Pakua, pakia, sakinisha: jinsi ya kutumia maneno ya kompyuta bila kumpoteza msomaji

Fungua fomu ya maombi iliyotafsiriwa kwa haraka na utakutana na mstari wa namna hii: "Pakia cheti chako. Inapakia, tafadhali subiri. Okoa na uendelee." Kila neno hapo ni la Kiswahili, na bado mwombaji anakwama. "Pakia" ya kwanza inamtaka apeleke cheti. "Inapakia" inayofuata haihusiani na cheti kabisa. Inamwambia tu kwamba ukurasa haujamaliza kufunguka. "Okoa" nayo inamwacha akijiuliza ni nani aliyezama.

Maneno ya kompyuta tunayo, tena kwa miaka mingi. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisini yenye menyu za Kiswahili. Tangu hapo simu na tovuti kubwa zimefuata. Kinachokosekana ni nidhamu ya kulipa kila neno kazi moja, ngeli moja na mipaka yake. Mwongozo huu ni wa anayeandika maelekezo: mkufunzi, mfasiri wa programu, fundi anayebandika maelezo ukutani.

Anza na neno lililo kwenye kioo cha msomaji

Ubishi wa kompyuta, tarakilishi na ngamizi unaweza kujaza kikao kizima. Amua hivi: angalia kifaa ambacho msomaji atakishika, kisha tumia neno lililoandikwa humo. Kama simu yake inasema "Mipangilio", usimwandikie "Marekebisho" eti ndilo Kiswahili kizuri zaidi. Atalitafuta asilione, na kosa litakuwa lako. Jina la kitufe linanakiliwa lilivyo, herufi kwa herufi, hata kama limekuudhi.

Pasipo na kioo cha kukuamulia, angalia unayemwandikia. Mwanafunzi wa Kenya amezoea tarakilishi shuleni, neno ambalo ndani yake unaisikia tarakimu na akili. Mtanzania anasema kompyuta na anaandika kompyuta. Ngamizi limebaki kwenye kamusi na kwenye mitihani, na jirani yake masikioni, angamiza, hakulisaidia. Kipakatalishi limejengwa kwa ustadi: kitenzi ni kupakata, vile mtu anavyompakata mtoto mapajani, na mkia umetoka kwa tarakilishi. Hata hivyo madukani utaulizwa kama unataka "laptopu". Kwa hiyo kwenye tangazo la bei andika laptopu, na kwenye kitabu cha shule andika kipakatalishi.

Kishikwambi, yaani tableti, ni kisa tofauti, maana ni neno la kubuni ambalo watu walilipokea. Sensa ya Tanzania ya mwaka 2022 ilifanywa kwa vishikwambi, makarani wakavitembeza nyumba kwa nyumba, na baadaye vikagawiwa walimu. Neno lilifika pamoja na kifaa chenyewe. Mengi yanayoshindwa hupelekwa kwa watu kifaa kikiwa kimeshapata jina lingine.

Pakia na pakua

Kabla ya kompyuta, maneno haya yalikuwa bandarini na jikoni. Shehena hupakiwa chomboni, ikifika hupakuliwa. Wali hupakuliwa kutoka chunguni ukatua sahanini. Uzuri wake ni kwamba ukinzani umo ndani ya sarufi. Ni kinyambulishi kile kile cha kutendua kinachogeuza ziba kuwa zibua na funga kuwa fungua. Anayejua kupakia anajua kupakua bila kufundishwa.

Kinachowachanganya watu ni upande. Simama daima pale alipo msomaji na kifaa chake. Kinachomjia kutoka kwenye seva, yaani kompyuta ya mbali inayotunza mafaili ya tovuti, kinapakuliwa, na kinachotoka kwake kwenda huko kinapakiwa. Seva ni chungu, simu ni sahani. Ukishika picha hiyo hukosei.

Tatizo kubwa ni matumizi ya tatu, yale ya "Inapakia" yanayotokea huku kiduara kikizunguka. Hapo hakuna anayepakia chochote kwenda popote. Kama wewe ndiye unayeandika programu, andika "Ukurasa unafunguka", "Video inaandaliwa" au "Subiri kidogo", na uiachie pakia kazi yake moja. Kama unaeleza programu ya mtu mwingine iliyoandikwa "Inapakia", sema waziwazi: "Utaona neno Inapakia, subiri liondoke, usibofye kitu."

Kisha taja kitu, aina yake na kikomo chake. "Pakia cheti" ni agizo nusu. Agizo kamili ni: "Pakia nakala ya cheti ya PDF isiyozidi MB 2." Fomu nyingi hukataa faili bila kueleza sababu, na sababu mara nyingi ni ukubwa au aina, mambo mawili ambayo msomaji hakuambiwa.

Kushusha wimbo na kudaunlodi ni lugha halali ya maongezi. Kwenye maandishi, kushusha kunagongana na "shusha sauti". Kudaunlodi nako kunanyambulika vizuri mdomoni (imedaunlodiwa, haidaunlodiki) lakini kila mwandishi ana tahajia yake. Kipimo cha kitenzi cha kompyuta ndicho hicho: kipitishe kwenye amri, kutendwa, kutendeka na nomino. Pakua, imepakuliwa, haipakuliki, upakuaji. Bofya, kimebofywa, hakibofyeki, ubofyaji. Kitenzi kinachokwama njiani kitakukwamisha siku utakapotakiwa kuandika ujumbe wa hitilafu.

Bofya lenyewe limetoka sokoni. Kubofya ni kuminya kitu kwa vidole ili ujue kama kimelainika, kama ufanyavyo kwa embe au parachichi kabla ya kulipa. Kwenye kioo cha simu wengine huandika "gusa", na ni sahihi zaidi, kwa kuwa kioo hakiminyiki. Bofya kwa kipanya, gusa kwa kidole. Usiyachanganye ndani ya ukurasa mmoja.

Hifadhi, futa, ondoa, sakinisha

Okoa ni kwa aliye hatarini. Kazi uliyoiandika huhifadhiwa. Kosa hili limezaliwa na neno la Kiingereza "save", na kamusi ya lugha mbili iliyofunguliwa ukurasa sahihi, mstari usio sahihi.

Kufuta na kuondoa yana mpaka, na anayeuvuka anaweza kumpotezea mtu kazi ya mwaka. Futa iwe kwa kitu kinachokoma kuwepo: picha, ujumbe, faili. Ondoa iwe kwa kitu kinachotoka mahali fulani lakini kipo pengine: kumwondoa mtu kwenye kundi, kuondoa njia ya mkato kwenye skrini. Ukimwandikia "Futa akaunti kwenye simu" wakati ulimaanisha aondoe akaunti kwenye kifaa tu, kuna atakayekwenda kuifuta akaunti nzima.

Sakinisha linaonekana geni mpaka umkumbuke ndugu yake, maskani. Mzizi ni mmoja, wa Kiarabu, wa kukaa na kutulia. Kusakinisha programu ni kuipa maskani ndani ya kifaa. Kinyume chake kwenye baadhi ya mifumo ni sanidua, inayotokana na sanidi kwa kinyambulishi kile kile cha pakua; kwenye simu nyingi utaona "Ondoa". Tatizo ni kwamba sanidi yenyewe hutumiwa kwa maana ya kupanga programu ifanye kazi utakavyo, si kuiweka. Usiandike sanidi ukimaanisha sakinisha. Programu inaweza kusakinishwa kwa dakika moja na kusanidiwa kwa siku nzima.

Kifaa huwashwa na kuzimwa, kama taa. Pale unapotaka kifaa kizimwe na kuwashwa, andika "zima, subiri sekunde 10, kisha washa". "Washa upya" peke yake wengi huielewa kuwa ni kuzima kioo na kukiwasha tena, na hilo halitatui kitu.

Usitafsiri mzaha wa watu

Maneno mengi ya kompyuta ya Kiingereza yalianza kama utani wa maabara. Tarehe 9 Septemba 1947 mafundi wa kompyuta ya awali iitwayo Mark II, huko Harvard, walimkuta nondo ndani ya relei, swichi inayoendeshwa kwa umeme. Walimbandika kwa utepe kwenye daftari la kazi na kuandika kwamba safari hii mdudu amepatikana kweli. Wengi husimulia kwamba neno "bug", yaani mdudu kwa maana ya kasoro, lilizaliwa siku hiyo. Sivyo. Mzaha unachekesha kwa sababu wahandisi walikwisha kuzoea kuita kasoro hivyo. Thomas Edison alilitumia kwenye barua ya mwaka 1878. Sasa mwandikie Mswahili "programu ina wadudu" uone kama hatafikiri umeibiwa akaunti au kompyuta imeingiliwa na mende. Tumia maneno mawili yenye mipaka: kasoro ni ile iliyomo ndani ya programu, hitilafu ni kile anachokiona mtumiaji. Kasoro moja inaweza kuleta hitilafu tatu, na fundi anayeripoti atakushukuru kwa tofauti hiyo.

Kwa upande mwingine, kuna mahali Kiswahili kimewashinda wenyewe. Mwaka 1994 Lou Montulli wa Netscape, kampuni iliyotengeneza kivinjari, alizipa jina la biskuti ("cookie") zile taarifa ndogo ambazo tovuti huziacha kwenye kivinjari chako ili ikutambue ukirudi. Alilichukua kwenye msemo wa zamani wa waandishi wa programu. Biskuti haikuambii kitu. Sisi tunasema kidakuzi, na hapo unamsikia mdakuzi, yule wa kuchungulia na kupeleka habari, na magazeti ya udaku nyuma yake. "Kubali vidakuzi" ni swali la kweli zaidi kuliko lile la asili.

Kipanya kimekubalika kwa sababu umbo linaonekana, mkia na yote, ingawa cha siku hizi hakina waya. Kenya utakuta pia kiteuzi, na kwenye baadhi ya orodha puku. Dar es Salaam kipanya kiliwahi kuwa pia daladala ndogo, lakini hajasikika mtu aliyekosea akapanda kisicho chake.

Virusi ni kichekesho cha sarufi. Neno lilifika likiwa na sauti ya vi- mwanzoni, Kiswahili kikaliona wingi, kikalitengenezea umoja: kirusi. Ndivyo kitabu cha Kiarabu kilivyopata vitabu, kwa hiyo hakuna wa kulaumiwa. Andika kirusi kimoja, virusi viwili, na kamwe usiandike "virusi hiki". Angalia herufi tu: Kirusi chenye K kubwa ni lugha ya Urusi, na kichwa cha habari chenye herufi kubwa tupu kinaweza kuzua mgogoro wa kidiplomasia.

Ngeli kabla ya yote

Neno jipya likikufikia, kabla ya kuuliza maana yake uliza linapatanishwa vipi. Kompyuta, programu, tovuti, nywila na barua pepe ni i-/zi-: programu hii imefunguka, programu hizi zimefunguka. Mtandao ni u-/i-. Kiungo, kitufe, kivinjari, kidakuzi na kishikwambi ni ki-/vi-. Nenosiri limefuata neno: nenosiri hili, manenosiri haya.

Wawili wanasumbua. Faili kwa usanifu wa kamusi ni li-/ya-, lakini programu nyingi zimeandika "faili hii". Chagua moja na usibadili mpaka ukurasa wa mwisho. Hapa imechaguliwa li-/ya-. Kibodi nayo ki- yake ni ya kuja nayo, si kiambishi, ila sikio linaivuta kuelekea vibodi, njia ile ile ya kitabu. Asiyetaka ubishi aandike kicharazio, vicharazio, kutokana na kucharaza.

Ngeli ikishajulikana, amri fupi zinajiandika zenyewe, ilimradi ukumbuke kwamba kitenzi cha Kibantu hubadili -a ya mwisho kuwa -e kikibeba kitendwa: kiungo: kibofye; faili: lifute; programu: isakinishe; mtandao: uzime. Vitenzi vyenye asili ya Kiarabu havibadiliki: lihifadhi, ijaribu. "Lifuta" na "kibofya" ni alama za mtu aliyetafsiri kwa mashine akaondoka.

Mtego wa waandishi wa programu

Mwandishi wa programu hupenda kuandika ujumbe mmoja wenye nafasi tupu, kisha jina lolote lijazwe: "___ imefutwa". Kwa picha inakubali. Kwa faili ni limefutwa, kwa kiungo kimefutwa, kwa ujumbe umefutwa, kwa mtu amefutwa, na kwa mafaili matatu yamefutwa. Hakuna kiambishi kimoja kitakachofaa wote.

Dawa ni kuhamisha upatanisho kutoka kwenye kisichojulikana kwenda kwa anayejulikana, yaani msomaji: "Umefuta: ___". Picha, kiungo au mafaili 300, sentensi inasimama. Hali kadhalika badala ya "___ haijapatikana" andika "Hatukupata: ___". Idadi nayo hufuata nomino, si kuitangulia: "Ujumbe mpya: 4", si "4 ujumbe mpya". Mtafsiri akikabidhiwa maneno yaliyokatwakatwa, "una", "mpya", "ujumbe", kila kimoja kwenye mstari wake, ayarudishe. Hawezi kuyaunga bila kujua ngeli ya jirani.

Mtandao ni upi?

"Washa mtandao" ni agizo linaloweza kueleweka kwa njia nne. Mtandao kwa watu ni intaneti, ni kampuni ya simu, ni mawimbi ("huku mtandao unasumbua"), na ukisema mitandao, ni mitandao ya kijamii. Andika unachokitaka: "Washa data ya simu", "Unganisha kwenye Wi-Fi", "Nenda mahali penye mawimbi". Tovuti ni mkusanyiko mzima, ukurasa ni mmoja ndani yake. Kivinjari ni programu ya kuzifungulia, kutokana na kuvinjari, kuzungukazunguka huku ukiangalia. Intaneti si kivinjari, ingawa wengi wataendelea kusema "nimefungua intaneti".

Unapomsomea mtu anwani kwenye simu: nukta, mkwaju kwa ule mstari ulioinama (/), kistari, na kistari cha chini. Taja pia kama kuna nafasi au hakuna.

Biti, baiti na bando

Biti ni tarakimu moja, sifuri au moja; jina lilipendekezwa na John Tukey na kuchapishwa na Claude Shannon mwaka 1948. Baiti ilitungwa na Werner Buchholz wa IBM mwaka 1956, na leo ni biti 8. Herufi ndogo b ni biti, kubwa B ni baiti. Kasi huuzwa kwa megabiti, faili hupimwa kwa megabaiti. Filamu ya MB 700 kwenye laini ya Mb 10 kwa sekunde haichukui sekunde 70. Ni 700 mara 8, gawanya kwa 10, yaani sekunde 560, dakika 9 na sekunde 20, tena laini ikiwa na afya njema. Nusu ya malalamiko ya kasi yangeisha kama matangazo yangeandika neno zima.

Diski ya GB 500 ikisomeka 465 kwenye kompyuta haijaibwa. Mtengenezaji huhesabu kwa elfu, kompyuta nyingi huhesabu kwa 1,024. Kipimo kitangulie namba kama tusemavyo kilo 5: GB 2, MB 500.

"Memori imejaa" nayo itenganishe. Mahali picha zinapokaa ni hifadhi. RAM, inayosahau kila kitu umeme ukikatika, ni kumbukumbu ya muda. Kufuta picha hakuiongezi RAM, na kufunga programu hakupunguzi picha.

Namba ya siri

Hapa neno baya linagharimu pesa. Tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007, namba ya siri kwa mamilioni ya watu ni ile ya kutolea fedha. Ukiandika kwenye tovuti yako "Weka namba ya siri tuliyokutumia", kuna atakayeweka ya pesa zake, na atakuwa amejifunza kuiweka popote anapoambiwa. Gawa hivi na usiteleze: nenosiri au nywila ni ya kufungulia akaunti, namba ya siri, au nambari ya siri kwa Wakenya, ni ya pesa na laini; zile tarakimu zinazotumwa kwa ujumbe na kuisha muda baada ya dakika chache ziite namba ya uthibitisho. Na kila unapoiomba, andika chini yake urefu wake na ilikotoka: "Namba ya uthibitisho ya tarakimu 6 iliyo kwenye ujumbe tuliokutumia sasa hivi."

Daftari la maneno

Kabla ya kuandika ukurasa wa kwanza, chora jedwali la safu nne: neno ulilochagua, ngeli yake, sentensi moja ya mfano, na maneno uliyoyakataa. Safu ya nne ndiyo inayosahaulika na ndiyo inayookoa muda, maana mwenzako atakapotaka kuandika "shusha" ataona limeshajadiliwa. Maneno 40 yanatosha mwongozo wa kawaida. Neno lisilojulikana sana lieleze mara moja, kwa kazi yake, linapotokea mara ya kwanza, kisha usilieleze tena wala usilibadilishie jina ili kupamba lugha. Visawe ni pambo kwenye shairi. Kwenye maelekezo, msomaji akiona jina jipya anadhani ni kitu kipya.

Mwisho, mpe mtu ambaye hajawahi kufanya kazi hiyo akusomee kwa sauti huku akifuata hatua kwenye simu yake. Usimsaidie. Kidole kikisimama hewani, weka alama kwenye neno alilotoka kulisoma, kisha lirudie hilo kabla ya kugusa jingine lolote.